Kamera ya Kuinamia

...na hii kamera ndogo haina pa kuinamia, ndilo jambo lenyewe, mengine yote anayoyasema Mbaraka ni maneno ya dukani tu, picha thelathini na sita, rangi, taa yake yenyewe hapo juu, hayo yote Leticia alikuwa ameyasikia mara tatu na kuyaelewa mara ya kwanza, lakini bado alikuwa anaigeuzageuza mikononi, mwanawe Justa mgongoni, kana kwamba kuna mahali walisahau kuweka kioo, kile kioo cha juu, cha kutazama ukiwa umeinamisha kichwa kama mtu anayesoma Biblia, na kioo hakikuwapo, palikuwa na kitundu tu kwa nyuma, cha kuweka jicho, "Dada yangu, hiyo haina mwenzake kuanzia hapa Same mpaka Mwanga," akasema Mbaraka, na juu ya meza, kwenye gazeti, ilikaa ile nyingine, kubwa, nyeusi, lenzi mbili zimepandana, ndugu kabisa wa ile ya zamani ambayo kifyatuo chake kilikufa siku ya Pasaka mbele ya washarika wote, na bei ya hizi mbili ni moja, na fedha Mbaraka alishapewa tangu kabla ya mvua, kwa hiyo hata kisingizio cha bei hakikuwapo, kilichobaki ni kusema hii au ile, na gari la Bombo lilikuwa limeshapiga honi ya kwanza pale stendi, ya tatu linaondoka, na kesho ni kipaimara, na baada ya kipaimara ni picha ya ukoo, na katikati ya picha ya ukoo, kwenye kiti cha mikono, ataketi baba mkwe.

Mzee Eliufoo... kwa miaka minne ya ndoa Leticia hajamtazama usoni, mkamwana aliyelelewa hamkazii macho baba mkwe, humwekea chakula na kurudi kinyumenyume, akikutana naye kwenye njia ya mfereji huingia migombani mpaka mzee apite, anazijua kandambili zake za tairi, anaijua fimbo, anaujua upindo wa koti lake na mahali ulipotiwa kiraka, lakini uso, uso anaujua kwa ndani ya kioo tu, mdogo kama kiberiti, kushoto kumekuwa kulia, yeye mwenyewe akiwa ameinama na kamera tumboni, na kuinama huko ndiko kulikompa kibali, maana siku ile ya kwanza wazee walipoguna, mwanamke na kamera wapi na wapi, mzee aligonga fimbo chini akasema, "Mwacheni apige. Huyu hata picha anapiga kwa heshima," basi ikawa imepita, vijiji vyote vya juu vikamwita, harusi, ubatizo, picha za vitambulisho, na Wilbard mumewe, aliyeko mashamba ya katani huko chini, akaandika barua kwamba baba anamsifu, na sasa kesho, mbele ya ukoo mzima, ainue hiki kidude mpaka jichoni na amwelekee mzee uso kwa uso... alimsikia kabisa shangazi Ernesta, dada yake mzee, sauti yake ya kuvuka bonde, "Ee mama Justa! Unamlenga kaka yangu kama ngedere wa mahindi!" na watu wangecheka, na mzee asingecheka, angenyanyuka tu, angeshika fimbo, kandambili zingeondoka moja, mbili, moja, mbili, na hakuna mtu mlimani kote ambaye angemwita tena, nani amwite mpiga picha aliyemwaibisha mkwewe?

"Basi chukua ya kuinamia kama roho ndiyo inataka," Mbaraka alikuwa anasema, "mimi sikulazimishi, ila nisikufiche, dada, filamu zake ninazo mbili tu, na kule Taveta ninakozitoa wameniambia hawaleti tena, watu wote siku hizi wanataka rangi," filamu mbili, picha kumi na mbili na kumi na mbili nyingine, kesho zingetosha, Jumapili ya pili zingeisha, halafu nini, halafu ni jembe na tangawizi, na kamera kwenye sanduku kama ya mjomba Abednego... mjomba naye alikuwa mpiga picha, na katika ile miaka ya foleni, sabuni kwa foleni, sukari kwa foleni, filamu hata foleni yake haikuwapo, watu walishuka kutoka milimani na viatu mkononi ili wavivae mlangoni kwa mjomba, naye akawaambia njooni mwezi ujao, na harusi moja ya Gonja alikwenda na kamera tupu, akainama, akabonyeza, akainama, akabonyeza, ili bibi harusi asilie siku yake, kisha akalala na homa wiki nzima na hakuna aliyejua ni homa ya nini ila Leticia aliyempelekea uji, na leo kila kitu ruksa, hapa kwa Mbaraka zimepangwa sabuni za rangi tano na redio mpaka juu darini, na bado ya kuinamia inakufa, imevumilia shida yote ile ije ife wakati wa neema, na mjomba ndiye aliyemchagulia kazi hii alipomaliza darasa la saba, kwa sababu alikuwa hawezi kusimama mbele ya watu, hata shairi la mahafali lilimkwama kooni, mjomba akasema, "Hii itakufaa, mwanangu, huhitaji kumtazama mtu. Inama, pumua, bonyeza," na kweli ilimfaa, aliinama akapumua akabonyeza miaka sita, na picha zikatoka safi, hakuna aliyelalamika, ila Ernesta, Ernesta na mdomo wake, mwaka jana zilipofika picha za ubatizo wa Justa alizishika moja moja akasema, "Jamani, picha za mama Justa, watu wote wanaangalia mvua!" na wakacheka wote na yeye akacheka ndani ya kanga, maana ilikuwa kweli, wote walikuwa wametupa macho juu kidogo, kama wanaotafuta wingu, hata mzee, mzee zaidi ya wote, na siku ile kabla hajabonyeza mzee alimuuliza kitu, alimuuliza, "Sasa mama Justa, mimi nitazame wapi?" naye akalijibu vumbi, "Popote tu, baba."

"Iweke jichoni basi, haiumi," akasema Mbaraka, "hapo haina filamu, nijaribie mimi," na mgongoni Justa alikuwa ametoa kichwa nje ya mbeleko, anamkodolea Mbaraka macho bila aibu hata chembe, mtoto huyu kamrithi nani, na honi ya pili ikalia, na Leticia akainua. Giza kwanza, kope zake mwenyewe, kisha Mbaraka akaingia mzima, kushoto kushoto, kulia kulia, karibu mno, akataka kuishusha, lakini kuna jambo lilikuwa linatokea, Mbaraka alikuwa amenyamaza. Mbaraka, ambaye angeweza kumuuzia mtu chumvi katika ziwa la magadi, alifunga mdomo, akaweka kofia sawa, akaitoa, akairudisha, mkono ukatafuta mfuko ukaukosa, shingo ikakakamaa, na akauliza kwa sauti ndogo ambayo Leticia hakuwahi kuisikia dukani humo, "Sasa... nitazame wapi?" ...wapi, na yeye pia, wapi, kumbe wote, kumbe hawakuwa wanaangalia mvua, walikuwa wanamtafuta mtu nyuma ya kamera na wanakuta kitambaa cha kichwa, maua yaliyofifia, utosi, na mzee wa watu, na kiti chake na fimbo yake, mzee ambaye ukoo mzima hunyamaza akikohoa, alikuwa ameketi pale hajui aweke wapi macho yake, akaomba asaidiwe, akaambiwa popote tu, na ni heshima gani hiyo, au ilikuwa hofu yake yeye imevaa kanga ya heshima ikapita mbele ya watu ikasifiwa, na Ernesta kesho atasema tu, lile la ngedere lazima aliseme, na watacheka, sawa, wacheke, mtu akicheka hutazama mbele... mzee huenda akanyanyuka kweli, huenda, lakini kandambili hazikuwa zinaondoka tena kichwani mwake, zilikuwa zimetulia pamoja, zinangoja, na Mbaraka naye alikuwa anangoja nyuma ya meza yake, kamera kubwa iko palepale kwenye gazeti, hajaambiwa hii wala ile, na Leticia, jicho moja limefumba na jingine halijashuka, akasikia sauti yake mwenyewe ikitoka, ndogo lakini nzima, "Hapa. Nitazame mimi," na kimoyomoyo, kwa kujaribu tu kama litapita kooni, akamalizia, baba.