Bukuru Abaki, Butoyi Aende Kamanyola

Jumatatu asubuhi, umeme wa Uvira ukiwa umerudi, Honorine alifungua skrubu za mashine mbili za pare-feu zilizokaa kwenye rafu moja katika ofisi ya umoja wa vituo vya uzazi. Yeye kazi yake kutunza mtandao. Mashine kazi yao kulinda mlango wake, nini kipite, nini kirudi kilikotoka. Moja ilifanya kazi, ya pili ikaikodolea macho kwa waya mfupi, tayari kushika nafasi mwenzake akianguka. Zilikuwa na jina moja na anwani moja. Honorine, mtoto wa wakulima wa bonde la Ruzizi, aliziita Bukuru na Butoyi, kama wanavyoitwa pacha kwao, mkubwa na mdogo.

"Hii ya pili inalala tu," alisema mkurugenzi Frédéric. "Ipeleke Kamanyola."

"Chef, moja ikikufa hapa, nani atabeba kazi?"

"Mungu iko."

Kubishana naye ni kumpigia mbuzi gitaa. Honorine aling'oa waya, akamfuta Butoyi kumbukumbu, akampa jina jipya na anwani mpya ili ndugu wawili wasije wakadai kiti kimoja. Hayo yamo katika mafunzo. Kisha akafanya la kwao: alizipangusa zote kwa kitambaa kimoja, akaziambia nani anabaki na nani anakwenda wapi, akaweka karanga juu ya Bukuru na karanga juu ya Butoyi. Pacha hatengwi bila kuagwa, na anachopewa mmoja lazima mwenzake apewe.

Butoyi alifungwa Kamanyola, mbali huko juu ya bonde, katika chumba cha mkunga Apolline, na mtandao ukashika. Kesho yake Honorine alisahau kikombe chake juu ya Bukuru. Apolline akapiga simu.

"Dada, mashine yenu imetoa chai. Weye unakunywa sukari kweli!"

"Ni yangu. Kunywa tu, mama."

Wakaendelea hivyo. Kilichowekwa juu ya mmoja kilikutwa pia juu ya mwenzake, na cha kwanza kikabaki mahali pake. Mkurugenzi naye alijaribu, akaweka simu yake juu ya Bukuru. Kamanyola walijibu kwamba hawakuona kitu, na tangu hapo Apolline ana simu nzuri kuliko wakunga wote wa bonde.

Ijumaa mchana mama mmoja, Jolie, alijifungua Kamanyola, na damu ikakataa kukoma. Dereva Thaddée aliondoka Uvira na mfuko wa damu katika boksi la barafu. Alifika kwenye bariyeri ya tatu, kamba iliyokatiza barabara, na hapo akazuiwa na walinzi waliodai pesa.

"Damu iko wapi?" Apolline alilia kwenye simu. "Huyu mama anakufa mu mikono yangu!"

"Thaddée iko ku bariyeri. Banakatala kufungua kamba."

Honorine alimtazama Bukuru. Mpaka saa hiyo hakuna aliyefikiria kuweka damu mahali pa chai. Alikimbilia friji la damu lililokuwa mwisho wa korido, akarudi na mfuko mwingine, akaulaza juu ya Bukuru.

"Mpe mdogo wako," akasema.

Apolline aliuchukua ukiwa bado baridi. Jioni Jolie alikuwa ameketi, anadai uji.

Jumamosi mumewe, Osée, alikuja kumwona. Huyo ndiye mshika kamba wa bariyeri ya tatu. Apolline alipomweleza damu ilipitia wapi, Osée alilia, akamshukuru Mungu, akamshukuru Butoyi. Jumatatu Thaddée alipopita na gari la dawa, Osée alimshika mkono kwa mikono miwili, akamwambia mtoto ananyonya vizuri. Kamba ikakaa palepale mpaka Thaddée alipotoa kitu.

Honorine aliposikia alikasirika mpaka akacheka. Akatoa kofia ndogo ya sufu aliyoifuma mwenyewe, akaiweka juu ya Bukuru. Simu ikalia.

"Imefika," alisema Apolline. "Inamutosha mutoto."

Honorine akaita wanaume wawili, wakalibeba lile friji la damu kutoka mwisho wa korido, wakaliweka kando ya Bukuru.