Hali ya Ndoa

Maswali ya mwanzo ya wasifu wa kuombea kazi Shamsia aliyajibu bila kusita. Jina, akataja yote matatu. Mahali pa kuzaliwa, kisiwa cha Kiongoroni. Dini, Muislamu. Elimu, kidato cha nne na kozi fupi ya utunzaji wa ghala. Muzdalifa, mwenye steshenari pale Kibiti mjini, alikuwa akigonga herufi kwa vidole viwili huku anamung'unya ubuyu, na kila jibu likiingia anasema "haya" bila kuinua uso.

"Hali ya ndoa?"

Shamsia akageukia barabarani, akatazama pikipiki zikipita.

"Dada, hali ya ndoa. Umeolewa, hujaolewa, umeachwa? Mbona swali jepesi."

Jepesi kwa mwenye jibu. Mume wa Shamsia, Gharibu, aliondoka nyumbani asubuhi moja kwenda Kibiti kununua plagi ya mashine ya boti, amevaa ndara na shati la kazi, na hakurudi. Ulikuwa mwaka ule wa hofu, ambao watu wa huku hadi leo hawapendi kuutaja, wanaume walipokuwa wakitoka na wasionekane tena, na anayeuliza sana akishauriwa apunguze. Wapo waliosema kavuka kwenda Msumbiji. Wapo waliodai kumwona Mafia na mke mwingine, ingawa ukiwabana hakuna aliyemwona kwa macho yake. Maiti haikupatikana, kaburi halikuchimbwa, talaka haikuletwa. Sasa ulikuwa mwaka wa nane.

"Mstari huo hauwezi kufutika?" Shamsia aliuliza.

"Kufutika unafutika. Wenye elimu zao kule Dar siku hizi hawaandiki dini wala ndoa, wanasema ni mambo ya mtu binafsi, tajiri hayamhusu. Lakini waajiri wa hapa nawajua mie. Ukiruka, watasema huyu anaficha kitu. Ukiandika umeolewa, watataka mumeo aje aseme mwenyewe kama kakuruhusu kuhama kisiwani. Na hujaolewa, na una mtoto wa miaka kumi na tatu, hiyo usiniambie hata niiandike."

"Sasa?"

Muzdalifa akatema kokwa ya ubuyu kiganjani na kumtazama vizuri. Hakuuliza mume yuko wapi. Watu wa Kibiti wana adabu hiyo, walifunzwa kwa fimbo. "Tuandike mjane," alisema polepole. "Asiyekuwepo na lake halipo, shoga yangu. Wewe unataka kazi."

Kazi aliitaka kweli. Kampuni moja ya korosho ilikuwa ikitafuta karani wa ghala, na msimu ulishaanza. Binti yake, Faudhia, alikuwa amemaliza darasa la saba na kuchaguliwa kwenda sekondari hukohuko Kibiti, na Shamsia aliwajua wasichana wa visiwani wanaopangishiwa chumba mjini wakae peke yao. Wanakwenda na begi la daftari, wanarudi na mimba. Akipata kazi, atapanga chumba, atalala mlango mmoja na mwanawe, na asubuhi kila mtu atashika njia yake. Akiikosa, Faudhia atakwenda peke yake au hatakwenda kabisa. Hapakuwa na la tatu.

"Andika," alisema.

Muzdalifa akaandika. Shamsia aliliona neno lile kwenye kioo cha kompyuta na akaona haya, kama mtu aliyekutwa anasema uongo mbele ya watoto. Na Mungu amsamehe, nyuma ya haya ile aliona nafuu pia.

Maana Kiongoroni neno hilo halikuwahi kutamkwa. Alikaa nyumba moja na mama mkwe wake, Mwanaharusi, na kwa Mwanaharusi mwanawe alikuwa safarini tu. Kila Idi ikikaribia alifua kanzu ya Gharibu, akaianika, akaikunja upya. Simu yake mwenyewe alikuwa ameitundika kwenye msumari ukutani, mahali pekee mle ndani ambapo mtandao unakamata, na kwa miaka yote hiyo haikuwahi kuondoka pale. Anayetaka kuongea naye humkuta amesimama ameelekea ukuta kama mtoto aliyeadhibiwa. Gharibu akipiga, alisema, asije akakosa njia. Sheikh Sadala alishamdokeza Shamsia kwamba sheria ina mlango kwa mke wa aliyepotea, mumewe ahesabiwe amekufa. Lakini pale kijijini mlango ule unaanzia kwa mama mkwe, na Shamsia hakuwa na kifua cha kwenda kumwambia mwanamke yule kwamba sasa tuhesabu amekufa.

"Wadhamini wawili," Muzdalifa alisema, "na namba zao."

Wa kwanza alikuwa mwalimu wake wa zamani. Kwa wa pili Shamsia alifikiri kidogo. Pale kijijini namba za watu huita siku moja, siku tatu hazipatikani. Iko moja tu inayopatikana saa zote, nayo aliijua kwa moyo. Akaitaja, na Muzdalifa akaiandika: Mwanaharusi, mama mkwe. Wote wawili walikuwa na haraka, na hakuna aliyeusoma ukurasa ule kutoka juu hadi chini.

Baada ya wiki moja akaitwa kwenye usaili. Ilikuwa Alhamisi. Ofisa aliyemsaili aliitwa Nasibu, mtu mpole mwenye alama ya sijda kwenye paji la uso, na alipofika kwenye taarifa binafsi alitikisa kichwa kwa huruma.

"Mjane. Pole sana, dada yangu. Ila nikwambie ukweli, hapa kwetu hiyo imekusaidia. Hawa wenye waume wananisumbua, leo mume kakataza, kesho mume kahama. Wewe uko huru."

"Ndiyo," alijibu Shamsia. Kujiita mjane kwa karatasi ni jambo moja. Kumjibu mtu ndiyo, uso kwa uso, ni jingine.

"Basi Jumatatu uanze, inshallah. Kesho asubuhi n'tawapigia wadhamini wako, utaratibu tu."

Alitoka pale akitembea haraka kwa furaha. Alinunua kitambaa cha bluu cha sketi ya shule, akalala kwa Muzdalifa, na alfajiri akapanda gari hadi Bungu, kisha bodaboda kuelekea Nyamisati ambako angepata boti. Ni juu ya bodaboda, upepo unampiga usoni, ndipo neno "wadhamini" lilipomrudia, pamoja na namba aliyoitoa. Alimwomba kijana asimamishe pikipiki. Akapiga simu ya msumarini. Namba ilikuwa inatumika. Akapiga tena, inatumika. Simu ile ambayo kwa wiki nzima inaweza isilie hata mara moja, asubuhi hiyo ilikuwa na maongezi yasiyokwisha.

Nyamisati maji yalikuwa bado hayajajaa na ilibidi boti isubiri. Shamsia alikaa gatini na mfuko wake mapajani, akitunga maneno. Nitamwambia walikosea. Nitamwambia ni Shamsia mwingine. Kila uongo aliouandaa aliuona mbovu kabla haujakamilika.

Alipoteremka Kiongoroni swala ya Ijumaa ilikuwa imekwisha. Wanaume walikuwa wamekaa kwenye mikeka nje ya nyumba yao, na walipomwona waliinamisha vichwa. Ndani wanawake walikuwa wanasoma Yasini. Faudhia alitoka mbio, macho yamemvimba, akamkumbatia kiunoni.

"Mama, baba kafa. Wamemswalia bila maiti, swala ya ghaibu. Ofisini kwenu ndiyo wamepiga simu."

Shamsia alitaka kupiga kelele kwamba si kweli, hakuna aliyejua lolote, ni Muzdalifa na vidole vyake viwili. Lakini Bibi Johari, kungwi wake aliyemfunda siku za harusi, alishamshika mkono, na vilio vya wanawake vikapanda maradufu kwa kumwona. Walimpitisha katikati yao hadi chumba cha ndani. Mwanaharusi alikuwa amekaa sakafuni, kichwa wazi, mvi zimetimka. Pembeni yake ilikuwapo kanzu iliyokunjwa. Akawaashiria wengine watoke.

Walipobaki wawili, Shamsia alipiga magoti.

"Mama, nisamehe. Hakuna habari yoyote. Hawajamwona popote. Ni mimi niliyeandika. Nilitafuta kazi, wakaniuliza hali ya ndoa, nikaandika mjane."

Alingoja kofi, au laana. Mwanaharusi alijifuta pua kwa pindo la kanga.

"Najua," alisema. "Mie mtu mzima, mwanangu. Yule bwana alianza kwa salamu, akasema, pole kwa msiba wa mwanao, Mungu amrehemu. Nikamwuliza, baba, mmemzika wapi? Akababaika. Akasema, sisi hatukumwona, mama, ni mkewe kaandika hapa. Nikamwambia ahsante. Akaniuliza kama wewe ni mwaminifu, nikamwambia hajapata kuniongopea hata siku moja."

Shamsia alifunika uso.

"Usilie kwa hilo. Nilikaa pale chini ya simu, nikasema, Shamsia kamwandika. Mke ndiye ajuaye ubavu wake umepoa tangu lini. Miaka yote hii nakungoja wewe useme. Mie mama yake, n'tasemaje wa kwanza? Kila asubuhi nakutazama, nasema labda leo. Nawe hukusema."

"Nilikuwa nakungoja wewe, mama."

"Basi tulikuwa tunangojana." Mwanaharusi aliipapasa kanzu. "Leo ndiyo mara ya kwanza nimemlilia. Unajua wewe mtu kukaa na kilio tumboni miaka minane? Nimechoka mpaka nasikia njaa. Nimewaambia wanipikie uji."

Kwa muda Shamsia alisikia mapenzi tu kwa mwanamke yule, na majonzi ya kweli kwa Gharibu, yakimjia kwa mara ya kwanza bila kuuliza njia. Kisha alimsikia Bibi Johari nyuma ya pazia akiagiza shuka nyeupe, na maji ya kuoga, na chumba kitiwe mkeka mpya, na akaelewa kinachofuata. Mjane hukaa eda. Miezi minne na siku kumi hatoki, hasafiri, hajipambi, hasimami mbele ya wanaume wageni. Na Jumatatu ilikuwa siku tatu tu mbele.

"Mama, kazi nimeipata," alisema kwa sauti ndogo. "Naanza Jumatatu. Kwa ajili ya Faudhia."

Mwanaharusi alifumba macho. "Alhamdulillahi," alisema, kisha uso ukamwanguka, kwani naye alielewa. "Ukitaka, nitatoka nje sasa hivi niwaambie nilisikia vibaya. Watakunja mikeka yao. Uende."

Alisema kweli, angetoka. Shamsia alimwona atakavyosimama pale mlangoni na kumrudisha mwanawe safarini, na kanzu kurudi sandukuni ingoje Idi nyingine. Na huku ndani uji ulikuwa umeshaletwa, na mwanamke yule alikuwa ameshalikamata bakuli kwa mikono miwili.

"Kunywa uji, mama," alisema.

Akaomba jambo moja tu, apige simu kabla ya kuoga. Alisimama pale penye msumari, akaelekea ukuta. Nasibu alimsikiliza mpaka mwisho. Hakukasirika, na ingekuwa afadhali angekasirika.

"Dada Shamsia, sikuelewi. Eda ya nini sasa? Karatasi yako ninayo hapa mezani, uliandika wiki iliyopita kwamba u mjane. Mimi nikajua ni mambo ya zamani. Na korosho hazingoji, nikikosa mtu Jumatatu namchukua anayefuata. Hebu niambie ukweli, huyo marehemu kafa lini?"

Nyuma yake Mwanaharusi alikuwa anakunywa uji kwa pupa. Faudhia alikuwa ameufungua mfuko na kukitoa kile kitambaa cha bluu, anajipima nacho kiunoni kimyakimya, kwa kuwa hakuna aliyemwambia bado kwamba kazi inaponyoka.

"Leo," alisema Shamsia. "Kafa leo asubuhi."

Upande wa pili simu ikakatwa. Bibi Johari akaitoa msumarini, akaizima, akampa shuka.