Mdhamini Mpya

Wakili Kiptum hakumzungusha Joan. Alimwambia asifiche mali yoyote, kwa sababu korti ikigundua itamgeukia yeye. Lakini chochote kinachomfunga kwa mumewe akifungue mapema: akaunti ya pamoja, namba ya siri ya simu, jina la mrithi kwenye bima.

"Na mikopo," akasema. "Kuna mkopo wake uliodhamini?"

Ulikuwepo. Miaka miwili nyuma mumewe, Muiruri, alikopa kwenye sacco, chama chao cha akiba na mikopo, akanunua kanta, lori dogo la kubebea kabichi, na Joan akatia sahihi kama mdhamini. Akiba yake yote, shilingi elfu mia mbili na themanini, ilifungiwa hapo. Sasa kanta ilikuwa imekufa injini kule Gilgil, Muiruri amehamia mtaa wa Kaptembwo kwa mwanamke mwingine, na kwa miezi mitatu hakuna kilicholipwa. Asipolipa tena, sacco ingeanza kukata akiba ya Joan. Na akiba hiyo ndiyo ilikuwa karo ya binti yao, Wangeci, aliyekuwa anaingia gredi ya kumi Januari.

Sacco haimwachilii mdhamini mpaka alete mwingine. Joan alianzia kazini, pale duka la dawa za mifugo.

"Wewe mke wake unatoroka, halafu mimi niingie?" Wamalwa, mwenzake wa kazi, alimwuliza, akaendelea kupanga chupa za dawa ya kupe. "Hapana, mathe, hata kama ni urafiki."

Akabaki mtu mmoja tu. Mama mkwe wake aliishi Longonot, na alikuwa mwanachama wa sacco hiyo hiyo kwa miaka kumi na tisa, akiweka kidogo kidogo kutoka kwa pesa za maziwa. Alikuwa anawekea tangi kubwa la maji, maana Longonot mvua ikikosa, imekosa.

Joan alimkuta nyuma ya nyumba akichambua maharagwe.

"Mwenzangu hujamleta?" Mama akauliza. Wangeci alipewa jina lake, kama kila binti wa kwanza anavyopewa jina la nyanya wa upande wa baba, na tangu siku hiyo Mama hakumwita mjukuu wake kwa jina lingine ila mwenzangu.

"Ana mitihani, Mama." Joan akatoa karatasi. "Ni fomu ya sacco. Ya kumsimamia Muiruri kwa ule mkopo wa kanta."

"Si ulimsimamia wewe?"

"Wanataka mdhamini abadilishwe."

Hakuna neno hata moja hapo ambalo lilikuwa la uongo kabisa, na Joan alilijua hilo alipokuwa akilisema. Alikuwa amelipanga njiani kote. Mama hakujua habari za kesi ya talaka, hakujua habari za Kaptembwo. Alijifuta mikono kwenye leso, akauliza aandike wapi, akaandika jina lake polepole kwa herufi kubwa. Kisha akamfungia Joan kilo mbili za maharagwe na chupa ya maziwa. "Ya mwenzangu," akasema.

Maziwa hayo Joan hakuweza kuyachemsha. Alimpa jirani.

Fomu ilipita. Joan alitarajia kupumua, lakini wiki mbili zilizofuata alikuwa mkali kwa wateja na mkali zaidi kwa Wangeci. Alijiambia kwamba aliyemlea Muiruri ndiye ambebe. Maneno hayo yalimfaa kwa siku moja. Siku ya pili alikumbuka nani alikuja kukaa kwake miezi mitatu, akiosha mtoto na kumpikia uji, Joan alipokuwa amejifungua na hawezi kusimama.

Ijumaa adhuhuri Mama akatokea mlangoni pa duka na mkoba wake. Alikuwa ametoka kliniki ya macho.

"Herufi ndogo zimenikataa kabisa," akasema, akimpa Joan simu. "Kuna meseji ya sacco, nimekaa nayo wiki nzima. Kule nyumbani sitaki mtu ajue mambo yangu ya pesa. Nisomee wewe."

Joan aliifungua. Angeweza kusema ni tangazo la mkutano mkuu. Sentensi ilikuwa tayari mdomoni. Mama alikuwa amegeuza kichwa kidogo, sikio mbele, akingoja.

Joan akasoma yote. Jina la mwanachama. Jina la Muiruri. Kwamba shilingi elfu mia mbili na themanini za akiba yake zimeshikiliwa mpaka mkopo uishe.

"Soma tena."

Akasoma tena.

"Hilo ni tangi langu."

"Ndiyo, Mama."

"Analipa?"

"Zaidi ya miezi mitatu sasa hajalipa."

"Na wewe ulijua."

"Nilijua. Tunaachana. Kesi iko kortini tangu Agosti."

"Ungeniambia hivyo siku ile, ningekataa," Mama akasema.

"Ndiyo maana sikukuambia."

"Karo ya mwenzangu iko salama?"

"Iko salama."

"Basi umeniibia ukampa mimi mdogo." Hakupandisha sauti. Joan angependa apandishe.

Joan alivuta kiti akaketi. "Nitarudi kwa nusu," akasema. "Sacco wanakubali wadhamini wawili. Nusu yangu, nusu yako. Yote siwezi, Mama. Nikirudi kwa yote, Januari Wangeci atabaki nyumbani."

Alijua nusu ilikuwa bei aliyojipangia mwenyewe, na kwamba mama mkwe bado angebeba elfu mia moja na arobaini ambazo hakuziomba. Mama pia alijua.

"Jumatatu," Mama akasema, akachukua simu yake mkononi mwa Joan.

Jumatatu waliketi kwenye benchi la sacco. Karani, msichana aliyeitwa Linah, aliwaita dirishani, akatoa fomu na kuisukuma kwa Joan, kwa kuwa ndiye aliyekuwa na miwani. Joan akainyoosha amsomee mama mkwe wake.

Mama akaitoa mikononi mwake taratibu, akairudisha chini ya kioo.

"Nisomee wewe, binti," akamwambia Linah. "Neno kwa neno. Sina haraka."