Barabara Mkiani mwa Kiluwiluwi

Siku hiyo mjinga alikuwa Naftaly, na afadhali tuseme sisi kabla wanafunzi wake hawajasema.

Shule yao ya Nakuru ilikuwa imeachiwa hadubini na daktari wa mifugo aliyerudi kwao Ulaya baada ya Uhuru. Hadubini moja, walimu wa bayolojia wawili: Naftaly na Madam Indu, binti wa fundi saa wa mjini. Mkuu wa shule, Bwana Kosgei, hakupoteza maneno.

"Ufunguo wa chumba cha hadubini atapewa atakayenionyesha mshipa wa damu ukiota ndani ya mnyama aliye hai. Picha za kitabu sitaki. Tuonane Jumamosi jioni."

Naftaly aliutaka ufunguo ule hadi chakula kikamshinda. Alivua viluwiluwi ndoo nzima kwenye mtaro, maana mkia wa kiluwiluwi unapitisha mwanga na damu unaiona ikikimbia. Jumamosi wakapeana zamu. Indu alikuwa na wake mmoja tu, mwenye doa jeusi mkiani. Anamtazama, anachora mshipa uleule ulio kando ya doa, anamrudisha kwenye kopo, anakaa kutafuna njugu.

Naftaly kukaa hakuweza. Anachungulia, anaenda dirishani, anarudi, mguu unapiga sakafu. "Huyu mvivu!" Anamtupa ndooni, anachota mwingine. "Huyu naye amelala!"

"Mwalimu, unatafuta mshipa ama mchumba?" Indu akauliza. "Kila mmoja unamkataa."

"Madam, mimi ni mtu wa kazi. Barabara ya kwetu Kuresoi tulilima kwa harambee, mikono ikatoka malengelenge, na lori hata moja halijawahi kufika. Kukaa hivi kutaniua! Na jibu ninalo: damu inasukuma, mshipa unarefuka. Basi."

Jioni Kosgei akaingia. Naftaly akamwekea kiluwiluwi aliyekuwa juujuu ndooni.

"Naona damu," Kosgei akasema. "Mshipa unaoota ni upi?"

"Huo hapo, mkuu."

"Asubuhi ulikuwa umefika wapi?"

Naftaly akaangalia ndoo. Viluwiluwi wakazunguka humo, wote sura moja. Hapo ndipo alipojua kwamba kutwa nzima ametazama wengi na hajamwona hata mmoja.

Indu akaweka wake, na michoro kando. Asubuhi, seli moja ya ukuta wa mshipa ilikuwa imetoa kidole chembamba. Mchana kidole kikapapasa kushoto, kikarudi, kikajaribu kulia, seli nyingine ikifuata nyuma yake. Kosgei akainama kwenye hadubini, akakaa hivyo muda mrefu. Mkono ukaingia mfukoni, ukatoka na ufunguo.

"Kimegusa mshipa wa pili," akanong'ona.

Naftaly akapenyeza kichwa. Aliona njia nyembamba, tupu. Kisha chembe nyekundu ya damu ikafika mlangoni, ikakwama, ikajikunja, ikateleza hadi ng'ambo. Ikafuata nyingine. Mguu wake ukaacha kupiga sakafu. Mdomo ndio uliokataa kutulia.

"Si nilisema! Damu ndiyo imesukuma! Mkuu, umeiona mwenyewe ikipita!"

Ufunguo ukasimama hewani. Kosgei akamgeukia Indu, aliyekuwa akipangusa maganda ya njugu kwenye sketi yake.

"Mwalimu," Indu akamwambia Naftaly, "na ile barabara ya kwenu Kuresoi, ililimwa na lori?"