Chumvi ya Kupimwa

Efraimu alichota chumvi kwa kijiko cha chai, akaisawazisha kwa mgongo wa kisu, akaimimina sufuriani taratibu kama mtu anayemnywesha mgonjwa dawa. Kisha akafungua daftari dogo lenye jalada jekundu, akatia alama kwa kalamu. Tabitha, aliyekuwa akimenya ndizi mlangoni, aliyaona yote hayo bila kuinua kichwa. Kwa miaka ishirini na miwili mumewe alikuwa mpishi wa watalii mlimani, na siku zote chumvi aliitupa kwa vidole, kama mpanzi atupavyo mbegu. Mkono wake ulijua. Sasa mkono huohuo ulikuwa ukiuliza daftari.

Hapo nyuma hakuwa akigusa mwiko nyumbani kwao Uru. “Jikoni kwako mimi ni mgeni,” alizoea kusema, “na mgeni hapiki.” Lakini tangu Agosti, kila aliporudi kutoka mlimani, aliliteka jiko. Alipika tambi za Kiitaliano, akapika mchuzi wa Kithai wa nazi na mchaichai, akapika maharage ya Kimeksiko, na siku moja supu ya Kijapani yenye mwani, nyembamba kama maji ya kusuuzia vyombo. Kila mara alimwekea mkewe sahani, akasimama kungoja.

“Ikoje?”

“Nitajuaje, Baba Elisifa? Sijawahi kula chakula cha huko.”

Jibu hilo lingemuudhi mpishi yeyote. Efraimu lilimtuliza, mabega yake yalishuka kama ya mtu aliyetuliwa mzigo. Tabitha akalihifadhi hilo nalo. Shaka ikishaingia nyumbani haiombi kiti. Hujitafutia pa kukaa.

Gladys, jirani yake, ndiye aliyeitamka shaka hiyo. Walikuwa wakikata majani ya ng'ombe. “Mwanamume akianza kupika uzeeni,” alisema bila kuacha kukata, “usimsifu. Muulize amejifunzia kwa nani.”

Tabitha hakuuliza. Alisubiri mumewe aende zizini, akalifungua daftari. Mwandiko haukuwa wa mumewe. Ulikuwa mwandiko wa mviringo, umeinamia upande mmoja, mwandiko wa mwanamke mwenye subira. *Chumvi kijiko kimoja na robo. Usiongeze. Tangawizi, urefu wa kidole gumba. Kitunguu dakika nane, utazame saa.* Na chini ya ukurasa, kwa herufi ndogo: *Usiogope. Utazoea.*

Aliyasoma maneno hayo ya mwisho mara tatu. Vipimo vyote vingeweza kuwa vya mapishi. Hayo hayakuwa ya mapishi.

Jumamosi, Efraimu aliposhuka mjini kununua viungo kama kawaida yake, Tabitha alivaa kitenge chake cha kanisani, akamfuata kwa mbali. Alimwona akiingia duka moja la viungo, akakaa humo saa nzima na nusu, akatoka amebeba mfuko mdogo usiostahili hata robo ya muda huo. Alipopotelea mtaani, Tabitha akaingia.

Mwenye duka alikuwa mwanamke wa Kihindi wa miaka hamsini hivi, miwani imening'inia kifuani. Nyuma yake mlango ulikuwa wazi, na ndani Tabitha akaona jiko, meza ndefu na sufuria zilizokuwa bado zinatoa mvuke.

“Karibu, mama. Nikupe nini?”

“Nipe alichonunua yule mzee aliyetoka.”

Mwanamke yule alimtazama, akavaa miwani, akamtazama tena. “Wewe ni Mama Elisifa,” alisema polepole. “Mimi naitwa Nisreen. Nafundisha watu mapishi ya nchi mbalimbali, huko nyuma. Keti.”

“Nimesimama vizuri, dada.”

Nisreen hakubishana. Alichukua kopo dogo rafuni, akalifungua, akalisogeza. Tabitha alirudi hatua mbili akiziba pua. Kilikuwa kitu kinachonuka kama vitunguu vilivyooza ndani ya soksi.

“Huu ni mvuje,” Nisreen alisema akilifunga. “Siku ya kwanza nilipoufungua, wateja wote walitoka nje. Mume wako aliinamisha uso juu ya kopo, akavuta pumzi, akasema unanukia vizuri. Sikumuuliza kitu. Tangu siku hiyo namwandikia vipimo.”

“Na hilo la usiogope?”

“Muulize mwenyewe, mama. Nilidhani unajua.”

Tabitha aliondoka bila kuaga. Njia nzima ya kupanda Uru aliligeuzageuza jambo lile kama sarafu anayoihisi ni bandia. Watu wawili wenye siri hushindwaje kutunga hadithi moja? Lingekuwa ni jambo la mapenzi tu, afadhali. Mwanamke mwenzake, Tabitha angejua la kumfanya.

Jumapili, baada ya ibada, alipika mtori wa ndizi na nyama. Aliuponda mpaka ukawa laini, akaugawa katika mabakuli mawili, na katika bakuli la mumewe akatia chumvi vijiko vitano, akakoroga. Alijiambia kwamba akitema, basi ladha anaisikia na hadithi ya kopo ni uongo, nao watakuwa wameumbuka, yeye na huyo mwalimu wake.

Efraimu aliomba, akaanza kula. Alikula kwa utulivu, akipuliza kila kijiko. Tabitha aliacha chakula chake kipoe. Aliona koo la mumewe likipanda na kushuka, likipanda na kushuka, hadi kijiko kikagonga kitako cha bakuli.

“Ukoje?” aliuliza.

“Umekolea. Mtori wako haujawahi kuniangusha.”

Tabitha alinyoosha mkono, akalivuta bakuli lile, akafuta mabaki yake kwa kidole na kukitia mdomoni. Uso ukamkunjamana, akatema kiganjani. Efraimu aliona. Alitazama bakuli, akatazama kiganja cha mkewe, kisha akajimiminia maji, akanywa bilauri nzima kabla ya kusema.

“Umetia nini?”

“Chumvi.”

“Nyingi?”

“Mtoto angelia.”

Hakukasirika, na hilo ndilo lililomuumiza Tabitha kuliko yote. Alisema ilianza na mafua ya mwezi wa sita, yale aliyorudi nayo kutoka mlimani. Mafua yaliondoka na kila kitu: harufu ya moshi, ya vitunguu, ya mwili wake mwenyewe, kisha hata chumvi na sukari zikawa kitu kimoja. Daktari alisema huenda vikarudi, huenda visirudi.

“Ndiyo maana ukapika vya kigeni,” Tabitha alisema. “Ili nisijue ukikosea.”

“Na ili wageni wasijue. Nikishika vipimo, kijiko kitaonja badala yangu. Halafu mtori wako naukumbuka, Mama Elisifa. Kuula bila kuusikia ni kama kupishana na ndugu njiani asinisalimu. Hivyo vya kwao sikuwahi kuvijua. Havinidai salamu.”

Tabitha alirudi nyuma moyoni, miezi mitano, akiikagua kila sifa aliyopewa. “Siku ya kipaimara cha mjukuu ulisema kiburu changu cha ndizi na maharage kimekipita cha mama yako.”

“Nilisema.”

“Ulisikia nini?”

“Joto,” Efraimu alijibu. “Joto na ulaini.”

Kisha, bila kuulizwa, akasimulia ya safari iliyopita. Kuku alikuwa ameoza, naye akiuonja mchuzi na kutikisa kichwa kwa kuridhika, hadi mpishi msaidizi alipoiepua sufuria na kwenda kuimwaga nyuma ya mawe, bila neno. Kulikuwa na wageni tisa. Jumanne alitakiwa kupanda tena.

“Mpigie Eliamini,” Tabitha alisema. Eliamini ndiye aliyekuwa kiongozi wa misafara.

“Niache safari hii moja.”

“Wageni wale nao wana mama zao.”

Efraimu alikaa na simu mkononi muda mrefu. Hatimaye akabonyeza, na sauti ya Eliamini ikajaa chumba: “Shikamoo mzee. Vipi, uko tayari kwa Jumanne?”

“Marahaba. Jumanne sipandi, Eliamini.”

“Unaumwa? Unaumwa nini?”

Efraimu alimtazama mkewe. Wiki nzima Tabitha alikuwa amepekua, amefuata, ametega. Sasa neno alilolitafuta lilikuwa mlangoni, na akaona hawezi kulisikia likitoka mbele yake. Alisimama, akatoka nje, akaenda hadi mwisho wa kihamba, shamba lao la migomba na kahawa, kwenye mfereji, ambako maji yaliimeza sauti ya ndani.

Mvua za vuli zilikuwa zimewahi, na mibuni ilikuwa imechanua yote kwa pamoja, maua meupe matupu.

Efraimu alipotoka, alikuja taratibu akasimama kando yake.

“Umemwambia yote?”

“Nimemwambia.”

Tabitha alimchunguza uso. Hakuwa na daftari la kupekua wala bakuli la kutegea. Alikuwa na neno la mumewe tu, na Jumanne ilikuwa bado.

“Imechanua,” Efraimu alisema.

“Harufu imefika mpaka barabarani,” Tabitha alijibu, na papo hapo akatamani kuyarudisha maneno.

Efraimu alifumba macho.

“Endelea,” akasema.