Sahihi ya Mgombea

Siku Abdiwahab aliposimama juu ya gari pale soko la mifugo la Griftu, akaapa kwamba akiwa gavana hakuna mimba itakayotolewa kaunti nzima kwa sababu yoyote ile, Arbia aliguna kwa nguvu hadi wanawake waliokuwa karibu wakamgeukia. Kwa sababu yoyote ile! Kweli nyani haoni kundule. Arbia alikuwa mkunga kwa miaka kumi na tisa, na miaka mitatu nyuma alikuwa amemshika mkono Filsan, mke wa huyu huyu Abdiwahab, daktari akiitoa mimba iliyokuwa inamuua. Abdiwahab alimpigia sheikh kwanza. Sheikh akamjibu kwamba mama ndiye shina, na shina huokolewa kabla ya tunda. Abdiwahab akaweka sahihi ya kuruhusu palepale. Watu waliambiwa Filsan ana malaria.

Lakini uchaguzi una mambo yake. Mpinzani wake alikuwa ameeneza kwamba Abdiwahab ni mtu wa Nairobi, dini yake ni ya Ijumaa tu, na wazee wa ukoo walikuwa hawajampa baraka. Basi akatafuta neno la kuwaridhisha, akalipata. Alilisema Griftu, akalirudia Eldas, kwa Kisomali kwanza, kisha kwa Kiswahili ili walimu na wafanyabiashara wa bara nao wasikie. Watu wakapiga takbiri, wazee wakambariki. Arbia akajiambia kwamba maneno ya jukwaani huishia jukwaani.

Hayakuishia. Jumanne asubuhi mchunga ngamia mmoja, Dubow, alimleta mkewe Lul kwenye kituo cha afya alikofanya kazi Arbia. Mimba ilikuwa ya miezi mitano, chupa ilikuwa imepasuka siku mbili nyuma, na mwili ulikuwa unawaka homa hata hajitambui. Daktari Mwiti, kijana wa Meru, alimpima akasema bila kuzunguka: mimba hii haiwezi kupona, na isipotolewa leo, mama naye ataondoka.

Sheria ilimruhusu. Ila huku mwanamke hafanyiwi jambo zito mpaka wanaume wa nyumba wakubali, na daktari aliyemtangulia Mwiti aliwahi kupuuza hilo, akafukuzwa kwa mawe. Kwa hiyo akamletea Dubow fomu.

"Daktari, moyo ya mtoto nabiga?" Dubow aliuliza.

"Unapiga, lakini..."

"Basi mimi habana weka sahihi. Abdiwahab nasema hiyo ni kuua mtu. Wallahi siwezi."

Arbia akamvuta kando, akamsemesha kwa Kisomali. Alimweleza kwamba masheikh wanaruhusu mama akiwa hatarini, na kwamba hata watu wakubwa wameshaweka sahihi kama hii.

"Nani, eeddo, shangazi yangu? Nitajie mmoja tu, nami nitaweka."

Jina lilimfika Arbia ulimini, likakwama. Siri ya mgonjwa haitoki wodini. Aliapa hivyo akiwa msichana, na katika maisha yake yote hakuwa na kitu alichojivunia kuliko kiapo hicho. Akatoka uani, akampigia mwenye siri.

"Abaayo, dada yangu, niko na wazee," Abdiwahab alisema.

"Kuna mtu hapa mkewe anakufa, hataki kuweka sahihi; zungumza naye dakika moja. Usimtaje Filsan. Mwambie tu sheikh alikujibu nini siku ile."

Nyuma yake watu walikuwa wanacheka, vikombe vinagongana.

"Mpe simu."

Arbia alikimbia. Alimwona Dubow akiipokea kwa mikono miwili, akisikiliza, akiitikia kwa kichwa, na moyo wake ukatulia kidogo. Kisha Dubow akamrudishia simu.

"Amesema niwe na subira, nisiyumbishwe na watu wa hospitali. Ataniombea dua."

Lul alikufa saa saba mchana, mwanawe tumboni. Arbia ndiye aliyemwosha, na kabla ya magharibi akawa ameshazikwa.

Siku ya tatu Abdiwahab alifika matangani na magari manne, mchele na sukari. Wanawake walikuwa ndani, wakimsikia akiwaambia wanaume kwamba Dubow ni mfano wa mume mcha Mungu. Dubow alilia, akamshukuru kwa kumwongoza. Arbia alimchukia yule mtu, na alijichukia mwenyewe zaidi.

Filsan alikuja na mumewe. Aliingia akinukia udi, mwili umemjaa afya, akaja kuketi ubavuni mwa Arbia na kumshika mkono.

"Abaayo," alinong'ona, "Allah akulipe. Nimesikia ulivyobanwa, na hukunitaja."

Upande wa pili wa chumba watoto watatu wa Lul walikuwa wanakula mchele wa Abdiwahab, na mdogo wao alikuwa anauliza mama atakula na nani.

"Ningekutaja," Arbia alisema, wala hakushusha sauti, "hawa wangekuwa na mama."