Sabuni Iliyoamshwa Mapema

Kuna vioo vyenye roho mbaya, na kile cha Wivine kilikuwa kimojawapo. Kilikuwa kidogo, cha mviringo, kimepasuka ukingoni, kimening'inizwa kwenye msumari karibu na dirisha la nyumba ya mbao ya tantine Masika, kule Ndosho, mtaa wa Goma. Kila asubuhi, moshi wa makaa ukiwa bado umelala juu ya mabati, Wivine alikisogelea polepole, macho yamefumbwa nusu, akitumaini kwamba usiku ulipita na kumpapasa uso kwa mkono laini. Wapi! Chunusi zilikuwa palepale, mashavuni na kidevuni, zimevimba, na katikati yake ngozi imekauka na kubanduka. Alikuwa na miaka ishirini na moja, na alikuwa ameuchoka uso wake.

Msije mkamwonea mkadhani ni mambo ya urembo. Tantine Masika, mdogo wa marehemu mama yake, alipika sabuni ya mawese nyuma ya nyumba, na Wivine ndiye aliyekaa kwenye meza ya kuuzia, kando ya barabara. Aliipenda meza ile kuliko alivyoweza kueleza. Butembo, kwa mke wa baba yake, alikuwa mtu wa kuosha vyombo na kuitwa "wewe". Pale mezani watu walimwita kwa jina. Wanawake waliteremka kwenye moto, zile pikipiki za abiria, wakiwa wamejaa vumbi, wakamuuliza ameamkaje, wakacheka naye, wakanusa sabuni wakifumba macho. Wakati mwingine alikaa tu akiangalia vumbi jeusi la volkano likipanda na kushuka, na kichwa chake kikaenda mbali, mahali ambapo hakuna anayemtuma kitu. Sasa wateja walikuwa wakiangalia sabuni, kisha uso wake, kisha wanairudisha sabuni mezani.

Tantine Masika hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na haraka tu, na mtu mwenye haraka husema mambo bila kuyapoza kwanza.

"Wivine, mutoto wangu, nitakuambia ukweli juu ya vile nakupenda," alisema siku moja ya Julai, mikono kiunoni. "Nani atanunua sabuni kwa mutu mwenye uso kama ule? Ni karanga zako zile, na kujishikashika na mikono michafu. Nakupa mpaka sikukuu ya Mama Maria, katikati ya Agosti. Kama haujapona, Olive atakaa mezani, na wewe utarudi Butembo kwa baba yako."

Olive, binti yake wa miaka kumi na saba, alikuwa mlangoni akisuka nywele. Ngozi yake ilikuwa laini mno, na yeye hata hakushukuru. Sabuni ya mama yake hakuigusa. Alisema inanuka mawese, naye alioga na ile ya dukani yenye harufu ya maziwa, aliyonunuliwa na mchumba wake Gradi. "Mimi mezani?" aliguna. "Na hili vumbi? Ayii!"

Basi Wivine alianza kujitibu, na mtu mwenye chunusi hakosi madaktari. Mama wa nyumba ya jirani alisema ndimu. Ndimu ilimchoma mpaka machozi yakamtoka. Mwingine alisema dawa ya meno, naye akalala na madoa meupe usoni, akaamka na madoa yaleyale meusi. Alijaribu tunda la avoka lililopondwa, akajaribu asali kidogo aliyoomba kwa watu, akaacha karanga kabisa, na hapo ndipo alipopata huzuni ya kweli. Bibiche, mwanamke mmoja wa mtaani anayechanganya krimu zake kutoka kwenye tyubu tatu na kuziuza kwenye vikopo visivyo na jina, alimwahidi uso mpya kwa wiki moja. Wivine alikitazama kile kikopo kwa hamu. Lakini bei! Ukosefu wa hela ulimwokoa hapo, tusimsingizie busara.

Dawa aliyoiamini kuliko zote ilikuwa ya bure. Kila Ijumaa tantine alipokata sabuni kwa waya, vipande vya pembeni vilibaki, na Wivine alivichukua. Aliosha uso asubuhi, mchana na jioni, akisugua kwa bidii, akisubiri. Uso ulimwaka kidogo, naye akafurahi, akidhani huko kuwaka ndiko kupona.

Chumba cha sabuni kilikuwa nyuma, cha mbao, bila dirisha. Mwanga uliingia kwa matundu ya misumari, nyuzi nyembamba zikisimama hewani, na ndani yake vumbi likielea taratibu. Sabuni zilipangwa juu ya mbao, safu kwa safu, rangi ya udongo mwekundu wa Beni. Wivine aliingia humo akivua viatu, hata yeye hakujua kwa nini. Alisimama akivuta harufu ile nzito, tamu, na mara nyingine alisinzia akiwa wima. Kuna mchana aliota kwamba uso wake wenyewe umewekwa pale kwenye rafu, katikati ya sabuni, na sauti ya mtu ikisema: msiuguse, bado. Alipozinduka alikuta shavu lake limeegemea ubao.

Zamani, kule Butembo, bibi yake ndiye aliyepika sabuni. Bibi hakusema sabuni inakauka. Alisema inalala. Iliwekwa gizani Jumapili tano, na watoto walikatazwa kupiga kelele mlangoni. Tantine Masika naye alianza hivyohivyo alipohamia Goma. Lakini tangu vita vifunge benki na kila kitu kipande bei, Jumapili tano zilikuwa ndefu mno. Sabuni ilikatwa Ijumaa, na Jumatatu iko mezani.

"Itamalizia usingizi kwa mteja," tantine alikuwa akisema, na watu walicheka. Wivine pia alicheka. Alidhani usingizi ule ni wa kuifanya sabuni iwe ngumu tu, isiishe haraka.

Mwisho wa Julai ulipokaribia, habari zikaja kwamba Clotilde amejifungua. Clotilde alikuwa rafiki yake wa kwaya tangu Butembo, sasa ameolewa Kanyaruchinya, nje ya mji, chini ya mlima wa volkano, na mume wake alikuwa safarini. Tantine alimtuma Wivine akamsaidie siku chache. Huenda alitaka pia kuipumzisha meza na uso ule, lakini hilo hakulisema. Moto ilipiga honi, Wivine akatoka mbio na mfuko wake, na sabuni yake ikabaki dirishani, chini ya kioo.

Zile siku tisa, hata leo akizikumbuka, anazikumbuka kama kitu alichokiota. Asubuhi mlima haukuonekana. Kulikuwa na weupe wa ukungu tu, na sauti za watu zikitoka ndani ya weupe bila miguu. Kulikuwa na baridi, na kuni mbichi, na mtoto mdogo asiye na jina bado, aliyelala siku nzima na ngumi zake mbili zimefungwa. Sabuni haikuwepo nyumbani. Clotilde alimwogesha mtoto kwa maji ya uvuguvugu na kipande cha kitenge kikuukuu, kilicholainika mpaka hakikuwa na rangi.

"Maji yamebaki safi, hayana kitu," alisema Clotilde siku ya kwanza, akimsogezea beseni la pili. "Na wewe nawa. Lakini polepole, haupigane na mutu."

Wivine alinawa. Alikandamiza kitambaa usoni, akabaki hivyo, joto likiingia taratibu. Kila alipoinua kidole kujikwaruza, Clotilde alimpiga mkono kidogo: "Wacha! Wacha ilale." Basi akawacha. Siku zilipita bila kioo. Alimbeba mtoto, akachota maji, akapika ugali wa foufou, akasinzia mchana na mtoto kifuani, akasahau kabisa kuwa ana uso.

Siku ya nane Clotilde alimwangalia sana, kisha akachukua simu yake na kumgeuzia. "Wivine. Ona."

Wivine aliona. Ngozi ilikuwa imetulia. Madoa yalikuwapo, ndiyo, lakini uvimbe ulikuwa umeshuka, na yale magamba hayapo. Alicheka, akalia, akacheka tena, mpaka mtoto akaamka na kukasirika.

Aliporudi Ndosho, tantine alimshika kidevu, akamgeuza kushoto na kulia. "Yesu Maria! Umepaka nini?"

"Maji tu, tantine."

"Maji!" Tantine hakuamini, lakini alifurahi. "Kesho unarudi mezani."

Na yule mjinga wangu mpendwa akafanya nini? Kwa shukrani, na kwa hofu ya kuupoteza uso wake mpya, alikwenda dirishani, akachukua sabuni yake, akasugua vizuri. Jioni akasugua tena. Siku ya tatu uso uliwaka moto, na kile kioo chenye roho mbaya kilikuwa kinamngoja.

Alikwenda kwenye chumba cha sabuni bila viatu. Alisimama katikati ya nyuzi za mwanga, kipande mkononi, na kichwa chake kikaenda mbali kama kawaida yake. Safari hii kilifika Butembo. Akamwona bibi akiinua sabuni, akitoa ncha ya ulimi, akiigusa. *Ikiuma ulimi, bado iko macho. Haimfai mutu.* Alikuwa amelisahau jambo lile kwa miaka kumi na mitano.

Wivine alitoa ulimi.

Iliuma. Iliuma mpaka utosini, akatema mate, akashika mdomo. Soda kali ya kupikia sabuni ilikuwa bado hai humo ndani, haijalala. Na hii ndiyo aliyoisugua usoni mara tatu kwa siku, kwa imani yote!

Utaniambia, si angesema palepale? Ni rahisi kusema ukiwa umeketi kwako. Yeye alihesabu siku: nne mpaka sikukuu ya Mama Maria. Akimwambia tantine sabuni yake ni mbaya, ni nani atamtetea? Akinyamaza, aoshe uso na maji ya uvuguvugu, meza ni yake. Alinyamaza. Alinawa kwa kitenge kikuukuu, mikono yake akaizuia, na uso ukaanza kutulia tena. Lakini kila mara aliposema "aksanti mama" na kumkabidhi mtu sabuni, ulimi wake mwenyewe uliuma. Aliona aibu, na aibu haikutoka.

Siku moja kabla ya sikukuu, barabara ilijaa. Watu walikuwa wakinunua nguo, mchele, na sabuni, kwa kuwa nani atakwenda misa bila kuoga? Tantine Masika mwenyewe alikuja kusaidia mezani. Mikono yake ilikuwa imepasukapasuka, kama kawaida, naye aliificha kwenye kitenge chake. Na hapo, katikati ya vumbi, akateremka Clotilde, mtoto mgongoni.

"Kesho tunamubatiza!" alisema, uso wote unacheka. "Jina ni Lévi. Na mimi mama yake sina hata kipande cha sabuni. Tantine, nipatie moja nzuri ya kuosha mutoto."

Tantine alichagua iliyo nzuri kuliko zote, akaipangusa vumbi, akamnyooshea. Mkono wa Wivine ulitangulia. Hakuuamuru. Uliichukua sabuni tu hewani. Aliona Butembo, na lundo la vyombo, na mtu anayemwita "wewe".

"Tantine," alisema. Sauti ilikuwa ndogo. "Onja."

"Nini?"

"Onja na ulimi. Kama bibi."

Mama mmoja aliyeshika sabuni mbili aliziweka chini. Tantine Masika alimtazama Wivine kwa macho ambayo yangeweza kumpeleka Butembo palepale, bila hata moto ya kumbeba. Angeweza kucheka. Angeweza kusema ule utani wake wa usingizi. Lakini mtoto mgongoni kwa Clotilde alijinyoosha, akatoa mguu mmoja mdogo nje ya kitenge, mwekundu bado, ngozi yake haijaguswa na kitu chochote duniani isipokuwa maji. Tantine aliuangalia ule mguu. Kisha akaichukua sabuni mkononi mwa Wivine, akaiinua mdomoni.

Aligusa. Alibaki hivyo, ulimi umetoka nusu. Macho yakamjaa machozi, na hayakuwa ya soda peke yake.

"Iko macho," alisema polepole. "Eh, Mungu wangu. Iko macho kabisa."

Alimgeukia Wivine, akatoa mikono yake kwenye kitenge, ile mikono iliyopasuka, na akamshika uso kwa viganja vyote viwili. Alipitisha dole gumba juu ya madoa, moja baada ya jingine.

"Na mimi nikakuambia ni karanga," alisema.

Wivine alilia mbele ya watu wote. Tantine alimpa Clotilde kopo la mafuta safi ya mawese ampake mtoto, na kwa kuosha akamwambia maji ya uvuguvugu yanatosha. Halafu akaanza kuzitia sabuni zote kwenye beseni, moja moja, taratibu, kuzirudisha gizani. Wateja walinung'unika. Mmoja alimwita mwendawazimu. Tantine Masika aliendelea kuzipanga bila haraka, na kwake hilo lilikuwa jambo la kustaajabisha.

Wivine alisimama akakunja kitambaa cha meza. "Nibebe na meza, tantine?"

"Unaibeba wapi?" Tantine alijitwika beseni kichwani. "Kaa hapo. Kesho na keshokutwa pia, mpaka Jumapili tano ziishe. Nani atawaambia watu wangoje?"

Akaenda zake. Wivine aliketi nyuma ya meza tupu. Vumbi jeusi lilipanda na kushuka. Mwanamke mmoja alisimama, akaangalia meza, kisha akamwangalia yeye usoni, na Wivine hakuinamisha kichwa.

"Unauza nini, mama?"

"Leo hatuuzi," alisema Wivine. "Inalala."